Limfoma ya Eneo Dogo: Kwa Nini "Hatua ya Awali" Haitoshi

"Hatua ya awali" ni istilahi iliyozoeleka katika mabango na vipindi vya redio kuhusu saratani, na kwa saratani ya shingo ya kizazi inafaa kabisa: kule seli hubadilika taratibu kwa miaka mingi, na anayepimwa mapema hukutwa na ugonjwa ungali mchanga. Tatizo huanza istilahi hiyo inapohamishiwa kwenye limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi, ambayo wengi huiita saratani ya mitoki. Hapo neno "awali" humpa mgonjwa habari ya wakati, ilhali daktari anazungumzia mahali. Naona tuseme "limfoma ya eneo dogo", na kinyume chake "limfoma ya eneo pana".

Vipimo vyenyewe vinaunga mkono jambo hili. Utaratibu uliokubaliwa mwaka 1971 katika mji wa Ann Arbor, Marekani, hugawa limfoma katika hatua nne kwa kutazama ramani ya mwili. Ya kwanza ni mitoki ya eneo moja, tuseme shingo. Ya pili ni maeneo mawili au zaidi, lakini yote upande mmoja wa diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ya tatu ni pande zote mbili, na ya nne ni pale ugonjwa ulipotapakaa katika viungo kama ini au uboho. Hakuna hata hatua moja inayouliza uvimbe umeanza lini. Mwaka 2014 wataalamu walipoupitia upya utaratibu huo, waliziweka hatua mbili za kwanza katika kundi la ugonjwa wenye mipaka, na mbili za mwisho katika kundi la ugonjwa uliosonga mbali. Wao wenyewe, basi, wamekwisha kuelekea kwenye lugha ya eneo. Nilifikiria pia "limfoma ya upande mmoja", ila msikilizaji angedhani ni kulia na kushoto.

Wakati na eneo haviendi pamoja katika ugonjwa huu, na ushahidi mzito umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Limfoma ya taya za watoto, aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza mwanzoni mwa mwezi aweza kufika hospitali akiwa na hatua ya nne, na mama yake hakuchelewa popote. Kinyume chake, zipo limfoma za watu wazima zinazokwenda polepole kwa miaka, na mgonjwa mwenye uvimbe wa tangu mwaka jana huenda akapimwa na kukutwa katika hatua ya kwanza. Mwambie huyu kwamba ugonjwa wake ni wa awali, atadhani anabembelezwa. Mwambie yule mama kwamba mwanawe hayuko tena kwenye hatua ya awali, naye ataondoka akibeba lawama asiyostahili. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika istilahi hii.

Kuna watakaosema kwamba kuchelewa kunaua kweli, na kwamba ukiliondoa neno "awali" utakuwa umewapokonya watu sababu ya kukimbilia hospitali. Hoja hii ina uzito, hasa Arash na kata nyingine za Ngorongoro. Uvimbe wa shingo katika maeneo ya wafugaji hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu cha mitoki, na dhana hiyo ina msingi: utafiti wa Sayoki Mfinanga na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta hata vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe kwenye mitoki ya wagonjwa wa Arusha. Lakini dawa za kifua kikuu humezwa miezi 6, na mtu mwenye limfoma akizimeza bila kinyama kukatwa na kupimwa maabara, miezi hiyo imepotea. Huko ndiko kuchelewa, na Kiswahili kina neno lake tayari. Tuseme wazi kwamba mgonjwa amecheleweshwa kipimo, kisha tueleze eneo la ugonjwa kama habari nyingine. Kwa familia inayozungumza Kimaasai nyumbani, na inayopata maneno ya daktari kupitia ndugu anayetafsiri, kutenganisha mambo hayo mawili ni muhimu zaidi.

Eneo pia ndilo linaloamua tiba. Kwa limfoma ya Hodgkin ya eneo dogo isiyo na dalili za hatari, utafiti wa Wajerumani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mizunguko 2 ya dawa za kemo pamoja na mionzi kidogo inatosha sawa na mizunguko 4 na mionzi mingi, na zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka 5. Matokeo hayo yalipatikana kwa watu waliomaliza tiba. Neno "awali" hushawishi mtu kuona ugonjwa ni mwepesi, hivyo mtoki ukinywea baada ya mzunguko wa kwanza anarudi kwa mifugo yake. "Eneo dogo" halidai wepesi wowote.

Pingamizi gumu zaidi ni la vifaa. Ultrasaundi na eksirei haziwezi kuona yote yanayoonwa na sitiskani, kwa hiyo eneo linaloitwa dogo huenda ni dogo kwa sababu hatukuona kwingine. Ni kweli, na ndiyo maana istilahi ya mahali ina faida: humlazimu mwandishi wa barua ya rufaa, kutoka hospitali za Ngorongoro kama Wasso au Endulen kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, ataje alipotazama. "Limfoma ya eneo dogo, hatua ya pili, shingo na kwapa, tumbo limepimwa kwa ultrasaundi tu" ni sentensi ambayo daktari wa Moshi anaweza kuanzia hapo kazi yake, na mgonjwa akisomewa ataelewa kilichobaki kupimwa.