Binti wa Mutesa na Mlango wa Mashariki

Anayesimama Busia leo, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori yakisubiri forodha pande zote mbili, hawezi kudhani kwamba njia hii iliwahi kumnyima mfalme usingizi. Waganda waliamini kuwa atakayeivunja nchi yao atatokea mashariki, upande wa Busoga. Ndipo Oktoba 1885 Askofu James Hannington akaondoka Kwa Sundu, mji wa Nabongo Mumia wa Wanga, akielekea Busoga na wapagazi wapatao 50. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akatoa amri, na tarehe 29 askofu akauawa. Kwa Sundu ndiyo Mumias ya sasa. Historia ya ndoa za mpakani naianzia kwenye njia hiyo, kwa sababu vita vya dini vilivyowaka Mengo, makao ya Kabaka, vilikuja kushukia huku.

Katika Buganda ya zamani, binti wa Kabaka hakuolewa. Aliitwa mumbejja, na aliyemwamkia alimwambia "ssebo", neno la heshima wanaloambiwa wanaume, maana damu yake ilimweka juu ya mume yeyote. Wapenzi wa siri hawakukosekana. Kilichokatazwa ni ndoa na kuzaa, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Nalumansi alikuwa binti wa Mutesa wa Kwanza, dada yake Mwanga kwa baba. Mwaka 1886, mwaka uleule vijana wa ikulu walipochomwa moto Namugongo kwa imani yao, akabatizwa Mkatoliki kwa jina la Clara. Kisha akafunga ndoa ya Kikristo na Yosefu Kadu. Alipokabidhiwa ulinzi wa kaburi la Kabaka Jjunju, alivitoa vifaa vya mizimu na kuvichoma. Kila mtoto wa kifalme alihifadhiwa kitovu chake, kikatunzwa kama pacha wake. Nalumansi alikichukua chake akakikatakata. Mwaka 1888 akauawa.

Wanaomkumbuka humkumbuka kwa imani yake, na wana haki. Mimi namwona pia mwanamke aliyetaka kuitwa mke wa mtu, mbele za watu, mchana. Sidhani kwamba yeye mwenyewe aliyatenganisha mawili hayo. Imani ile ndiyo iliyompa mahali pa kusimama na Kadu, na bila Kadu huenda kitovu kile kingebaki kimefungwa.

Septemba 1888 Mwanga akapinduliwa. Nduguye Kiweewa akatawala kwa wiki chache, Waislamu wakawafukuza Wakristo, na ndugu mwingine, Kalema, akakalia kiti. Ili asibaki wa kushindana naye, Kalema akawaua ndugu zake, wana na mabinti wa mfalme pamoja. Mwanga akarudi, na Wakristo nao wakageukiana: tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti walioitwa Wangereza waliwapiga Wakatoliki walioitwa Wafaransa pale Mengo, Kapteni Lugard, Mwingereza, akiwaunga mkono kwa bunduki zake.

Semei Kakungulu alikuwa upande wa washindi. Alitoka Koki, kijana mwindaji wa tembo, na vita ndivyo vilivyompandisha. Akapata cheo, akapata na mke kutoka jumba la Kabaka. Hapo ndipo moyo wangu hukwama kila niisomapo habari hii. Jambo ambalo Nalumansi alilichagua mwenyewe kwa hatari ya roho yake lilikuwa, baada ya miaka michache tu, limegeuka ndoa ya kumfunga jemadari karibu na kiti. Mwiko ulivunjika, lakini waliofaidika kwanza ni wanaume waliotafuta ukwe wa mfalme.

Aprili 1899 Kakungulu alikuwa miongoni mwa waliowakamata Mwanga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, waliokuwa wakipigana na Waingereza. Kisha akaelekea Bukedi, upande wa mashariki, akajenga Budaka, kisha Mbale, na mawakala wa Kiganda wakaingia Budama, nchi ya Tororo. Wajopadhola, wenyeji wa huko, walikuwa na ibada yao ya Bura na kiongozi wake Majanga, wakawakataa mawakala hao. Kakungulu mwenyewe akaja kuuacha Uprotestanti uliompa ukubwa, akajiunga na madhehebu ya Wamalaki, na mwaka 1919 akatahiriwa na kushika dini ya Kiyahudi. Akafa mwaka 1928.

Vita vya Mengo vilileta na jambo jingine. Ili watu waone kwamba Ukatoliki si Ufaransa, Roma ikawapa mapadre wa Mill Hill wa Uingereza upande wote wa mashariki, nao wakafika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Hanlon. Ndio waliokuja hadi Tororo na Mumias. Huko Mumias, Nabongo Mumia alikuwa amesilimu. Mwaka 1902 jimbo lake likahamishwa kutoka Uganda kwenda upande wa Kenya, na mto Sio ukawa sehemu ya mpaka.

Tangu hapo mshenga wa Wasamia, watu wa pande zote mbili za mto huo, ana maswali mawili mlangoni. La kwanza ni la kale: ukoo gani? Asiye mgeni kwa ukoo haoi, ndiyo maana wake wengi walivuka mto, na ng'ombe wa mahari wakavuka kwa upande mwingine, mpaka ukiwapo au usiwepo. La pili lilizaliwa Mengo: dini gani? Hilo limewarudisha vijana wengi nyumbani peke yao, ilhali ukoo ulikuwa umeruhusu.

Na huko Buganda mabinti wa Kabaka sasa huolewa kanisani, kengele zikilia. Anayewaamkia bado huwaita "ssebo".