Mchawi Mdogo wa Ujerumani na Ugomvi wa Mwaka 2013

Kitabu cha Die kleine Hexe, yaani Mchawi Mdogo, kilichotungwa na Otfried Preußler na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1957, kinakaribia kutimiza miaka 70, na kwa umri huo kinazitangulia riwaya nyingi maarufu za watoto kuhusu wachawi wachanga, zikiwemo The Worst Witch ya Jill Murphy ya mwaka 1974, hadithi ya Kiki ya Eiko Kadono iliyotoka Japani mwaka 1985, na Harry Potter aliyefuata mwaka 1997.

Preußler, mzaliwa wa Bohemia aliyepitia miaka mitano ya kuwa mateka wa vita mikononi mwa Wasovieti kabla ya kuwa mwalimu wa watoto huko Bavaria, alieleza mwenyewe kwamba hadithi ilianzia nyumbani, kwa binti zake watatu waliowaogopa wachawi wabaya wakati wa kulala. Alipowaambia kwamba siku hizi wachawi wa aina hiyo hawapo tena, walitaka kujua sababu, na jibu lake likawa kitabu kizima.

Mhusika wake ana miaka 127, umri ambao kwa wachawi ni wa utoto, na anaishi msituni na kunguru aitwaye Abraxas, akijifunza uganga wa kuleta mvua lakini badala ya maji wanadondoka panya weupe na vyura. Anapokwenda kwa siri kucheza ngoma ya wachawi mlimani Blocksberg, usiku wa kuamkia Mei 1, anakamatwa, ufagio wake unachomwa moto, naye anaamriwa kurudi kwa miguu na kuwa mchawi mwema kwa mwaka mzima. Anatii, akiwasaidia wanawake maskini waokotao kuni na kumwadhibu mwendesha gari apigaye farasi, hadi baraza la wakubwa linapomhukumu, kwa kuwa kwao mchawi mwema ni yule atendaye maovu. Akilazimishwa kukusanya kuni za moto wao, anaurundikia moto huo mafagio na vitabu vyao vyote, kisha anawaondolea uwezo wa kuroga. Mvuto wa kitabu umo hapo hasa: mtoto anamwona mdogo mwenzake akiifuata amri ya wakubwa kwa uaminifu kuliko walioitoa.

Mwanzoni mwa mwaka 2013, hata hivyo, Wajerumani hawakubishana juu ya uchawi bali juu ya sura moja ya kanivali, yaani sherehe ya kuvaa mavazi ya kujigeuza, ambamo watoto wa kijiji waliojivika kama watu weusi waliitwa kwa neno la kuwadharau watu hao. Baba mmoja mwenye asili ya Eritrea, aliyekuwa akimsomea binti yake, alimwandikia mchapishaji, kampuni ya Thienemann ya Stuttgart, nayo ikatangaza kuliondoa neno hilo kwa ridhaa ya mwandishi na familia yake. Magazeti yalifurika barua za hasira zilizoita hatua hiyo udhibiti, na mhakiki Denis Scheck akatokea kwenye televisheni akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni ili kupinga, kitendo kilichothibitisha, pengine bila yeye kukusudia, kwamba suala halikuwa dogo. Inashangaza jinsi watu wazima walivyolipigania neno ambalo hadithi haikulihitaji, huku msomaji mweusi mwenye umri wa kwenda shule akikumbukwa mwishoni kabisa.

Preußler alifariki tarehe 18 Februari 2013, mjadala ukiwa bado moto. Filamu ya kitabu hicho ilifuata mwaka 2018, na mwaka 2024 shule ya Pullach, karibu na Munich, iliyobeba jina la Preußler, iliomba kuliacha kwa sababu ya riwaya ya ujanani mwake, Erntelager Geyer, inayoisifu jumuiya ya Vijana wa Hitler. Maisha ya mwandishi yanastahili kuchunguzwa hivyo. Ama kuhusu sura ya kanivali, mavazi yalibadilishwa katika toleo jipya, na hadithi ya mchawi haikupoteza kitu.