Kichwa na Mkia wa Orodha

John McCarthy alipoanza kuunda Lisp huko Marekani mwaka 1958, orodha ilipasuliwa kwa maneno mawili: car, litoalo kichwa, na cdr, litoalo mkia. Majina hayo yalitokana na sehemu za mashine ya IBM 704, wala hayana habari ya orodha yenyewe. Ni istilahi mbaya, nayo yangali yakitumika.

Mwaka 1969 Rod Burstall, aliyekuwa Edinburgh, alionyesha njia nyingine: mtunzi wa programu aandike sura mbili za orodha, iliyo tupu na yenye kichwa na mkia, kila sura na jibu lake. Shabaha yake ilikuwa uthibitisho. Kwani hoja ithibitishayo programu hupita katika sura zizo hizo, na sura moja ikisahauliwa, hoja hukatika papo hapo.