Mji wa Herekali: Mashauri Kuhusu Safari ya Istanbul

Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka palizuka hoja iliyochukua muda mrefu kuliko hesabu za fedha. Wanachama 12, walioweka akiba kwa miaka miwili, walitaka kwenda kuutazama mji wa Istanbul, nao walikuwa na siku nne tu za kukaa huko. Karatasi waliyotusomea ilikuwa na majina 21 ya misikiti, makanisa, majumba na masoko, yamefuatana kama vitu vya kununua dukani. Mzee mmoja akainuka akauliza: "Walimu wa Kiswahili wana haja gani na mji wa Waturuki?" Siku ile alijibiwa kwa kicheko. Sisi twaona swali lake lastahili jibu, na ile orodha yastahili kupanguliwa.

Jibu la kwanza limo katika vitabu vyetu wenyewe. Utendi wa Tambuka, ambao wengine huuita Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, nao ni miongoni mwa tendi kongwe kabisa za Kiswahili ambazo tarehe zake zajulikana. Twafundisha vina na mizani yake, na twawaeleza wanafunzi habari za majeshi ya Rumi. Lakini huyo Herekali alikuwa nani, na kiti chake kilikuwa wapi, ni mara chache tunaulizwa na ni mara chache zaidi tunaeleza. Alikuwa Kaisari Heraclius, aliyetawala tangu 610 hadi 641. Aling'oa nanga Carthage, katika pwani ya Afrika ya Kaskazini, akampindua Kaisari Phocas, akavikwa taji katika mji ulioitwa Constantinople. Mji huo ndio Istanbul ya leo. Mwalimu aliyewahi kuusoma utendi ule darasani hawezi kusema kwamba huko ni ugenini kabisa.

Jibu la pili twalisikia kila tusimamishwapo na polisi barabarani. Neno "afande" asili yake ni efendi ya Kituruki, na Waturuki nao walilipata kwa Wagiriki, kwa maana ya bwana. Basi kabla ya kufika kwetu neno hilo lilikwisha kuwapitia wenyeji wakuu wawili wa mji tunaouzungumzia. Njia yake ilikuwa jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki. Wadachi walipoajiri askari wa Kisudani huko Cairo mwaka 1889, walikuja nao Tanganyika pamoja na "ombasha", yaani mkuu wa watu kumi, na "shaushi". Hapa Uganda walikuwapo askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Twajua wako wenzetu wasiolipenda neno hili, maana hapa nchini limesikika mno pamoja na kitako cha bunduki, na Kiswahili kizima kimebebeshwa lawama ya maneno ya kambini. Hatuwalaumu. Hata hivyo mwanafunzi anayekichukia Kiswahili kwa sababu hiyo yafaa aelezwe kwamba neno lenyewe limetoka mbali, na mwalimu atalieleza vizuri zaidi akiwa ameufikia mji uliolikuza.

Tuje sasa kwenye orodha. Kosa lake kubwa ni kwamba karibu vitu vyote vilivyotajwa viko katika rasi moja ya upande wa Ulaya. Mtu aweza kuvimaliza vyote 21, akarudi nyumbani akisema ameuona mji uliokaa juu ya mabara mawili, kumbe la pili hakulikanyaga. Zaidi ya hayo, majengo yale hayasemi kwa nini yako pale. Lisemalo ni maji.

Kwa hiyo twashauri safari ianzie Kadıköy, upande wa Asia, asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya kuingia jengo lolote. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Chalcedon, uliojengwa na Wagiriki katika karne ya saba kabla ya Kristo. Wagiriki wengine walikuja baadaye, wakajenga Byzantion katika rasi ya ng'ambo. Herodotus asimulia kwamba Megabazus, jemadari wa Uajemi, alipoambiwa kuwa watu wa Chalcedon walitangulia kwa miaka 17, alisema bila shaka walikuwa vipofu, kwani mahali pazuri palikuwa mbele ya macho yao nao wakachagua pabaya. Asimamaye gatini Kadıköy ataona maana ya maneno hayo. Mbele yake iko rasi iliyozungukwa na maji pande tatu: kusini Bahari ya Marmara, mashariki Mlango wa Bosporus, na kaskazini Pembe ya Dhahabu, ambayo ni hori refu lenye maji matulivu, bandari isiyohitaji kujengwa. Mlango wenyewe una urefu wa kilomita 30 hivi. Maji ya juu hutiririka kutoka Bahari Nyeusi kwenda Marmara, na chini yake maji mazito yenye chumvi nyingi hurudi kinyume, jambo lililopimwa na Mwitalia Luigi Ferdinando Marsigli tangu 1679. Wavuvi walilijua kabla yake.

Baada ya kutazama vya kutosha, wasafiri wapande feri ya kawaida ya abiria waendao kazini, wavuke kwa dakika 20 hivi. Feri hiyo itawafundisha zaidi kuliko basi la watalii. Wakiwa katikati ya maji wakumbuke mwaka 626. Herekali alikuwa mbali mashariki akipigana. Waajemi walikuwa wamepiga kambi pale pale Chalcedon, na Waavari walikuwa wameuzingira mji kwa upande wa Ulaya. Majeshi hayo mawili yaliweza kuonana moshi wa moto wao, lakini hayakuweza kuungana, kwa sababu merikebu za Rumi ndizo zilizotawala mlango ule. Mji ukaokoka ingawa mfalme hakuwamo.

Huo ndio uzi tunaoutaka msafiri aushike. Constantine aliuzindua mji kuwa makao yake tarehe 11 Mei 330 kwa kuwa mahali pale palishika njia za nchi kavu na za bahari pamoja. Mwaka 1204 askari wa Msalaba kutoka magharibi waliuteka na kuupora, Wakristo wakiwapora Wakristo, nao waliingia kwa upande wa Pembe ya Dhahabu. Sultani Mehmed wa Pili, kabla ya kuushambulia, alianza na maji: mwaka 1452 alijenga ngome ya Rumeli Hisarı kwa miezi minne hivi, mahali ambapo mlango una upana wa mita 700 tu, ikielekeana na ngome ya babu wa baba yake iliyoko Asia. Wenyeji walikuwa wamefunga hori kwa mnyororo. Mwezi wa Aprili 1453 akazipitisha merikebu zake juu ya kilima nyuma ya Galata, akazishusha ndani. Mji ulianguka tarehe 29 Mei. Sultani alikuwa na umri wa miaka 21, umri wa vijana tuwafundishao vyuoni.

Kuta za nchi kavu zilizokamilika mwaka 413 zapewe siku nzima, wala tusisikilize malalamiko ya miguu. Zina urefu wa kilomita 6 hivi toka Marmara hadi karibu na hori, na kwa miaka elfu moja ndizo zilizowachosha maadui. Wasafiri wajihadhari na jina moja: Topkapı ni lango lililopigwa sana na mizinga mwaka 1453, na Topkapı nyingine ni jumba la masultani lililoko mbali na hapo. Top ni mzinga na kapı ni mlango. Mtu akimtajia dereva jina hilo bila kufafanua, huenda akapelekwa kwingine.

Kufika kwenye kuta hizo watumie garimoshi lipitalo chini ya bahari, wapande Üsküdar na kushuka Kazlıçeşme. Njia hiyo ilifunguliwa 29 Oktoba 2013, na ilichelewa kwa miaka kwa sababu njema. Wachimbaji walipofika Yenikapı walikuta bandari ya kale ya Theodosius iliyojaa mchanga, ndani yake mabaki ya vyombo 37, na chini zaidi dalili za watu walioishi pale miaka 8,000 hivi iliyopita. Kazi ikangoja wataalamu wa mambo ya kale.

Sasa Aya Sofya. Hatusemi iachwe! Kaisari Justinian aliijenga tangu 532 hadi 537 kwa maarifa ya Anthemius na Isidore, na kuba yake ya mita 31 hivi kwa upana ilianguka mwaka 558, ikajengwa upya na kuinuliwa zaidi, ikamalizika 562. Ilikuwa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, ikawa msikiti tangu 1453, makumbusho tangu miaka ya 1930, na msikiti tena tangu 2020. Kila badiliko lilifurahisha watu na kuhuzunisha wengine, na katika kundi letu wamo Waislamu na Wakristo. Twaomba watazame pamoja na kubishana baadaye. Waendao kusali huingia chini bila malipo. Watalii wa kigeni tangu Januari 2024 wametengewa ghorofa ya juu kwa kulipa. Huko juu wautafute ukingo wa marumaru ambao askari mmoja wa Kaskazini, wa kikosi cha ulinzi cha Makaisari, aliuchonga jina lake, Halvdan, kwa herufi za kwao. Kila mwalimu aliyewahi kukagua madawati mwisho wa muhula atamtambua mtu huyo.

Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya Sinan ya miaka ya 1550 hadi 1557, tungeuchagua mbele ya mingine yote, na si kwa ajili ya jengo peke yake. Makaburini kuna mawe yaliyoandikwa Kituruki kwa herufi za Kiarabu. Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 iliweka herufi za Kilatini, na leo Mturuki wa kawaida aweza kusimama mbele ya kaburi la babu ya babu yake asiweze kulisoma. Mwaka huo huo wa 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nacho kikaenezwa mashuleni kwa hati za Kilatini. Miswada ya tendi zetu, pamoja na ule wa Herekali, iliandikwa kwa hati za Kiarabu, nasi tulio wengi twaisoma kwa msaada wa wengine.

Lugha yenyewe isiwatishe. Kitap, kalem, saat, haber na dünya watayatambua bila mkalimani, na viambishi havitawashangaza: evlerimizde ni neno moja lenye nyumba, wingi, umiliki wetu na mahali. Ila wasije wakasalimiwa merhaba na kijana wa dukani wakadhani amewapokea shikamoo. Huko ndiyo salamu yenyewe.

Yabaki mambo madogo. Mji una viwanja viwili vya ndege, kimoja Ulaya na kimoja Asia. Kabla ya kulipia malazi iulizwe ndege itatua wapi. Desemba kuna baridi kali na pengine theluji, basi likizo ya mwisho wa Agosti ndiyo ifaayo. Jumatatu iwe ya Kadıköy, Üsküdar na feri. Jumanne jumba la Topkapı hufungwa, kwa hiyo siku hiyo ni ya kuta. Jumatano Aya Sofya na Topkapı, ambako chumba cha vito kisiwale muda wote. Alhamisi asubuhi Süleymaniye, kisha chombo cha kupanda Bosporus hadi penye ngome zile mbili zielekeanazo. Majina 14 yaliyosalia katika orodha tumeyafuta. Wale waliokwisha kuagizwa mazulia na jamaa zao watapewa muda wa saa mbili jioni hiyo katika Soko Kuu, wala hatutauongeza.