Pauni milioni tatu za reli

Miaka yangu ya kazi niliimaliza kwenye vitabu vya hesabu, kwa hiyo sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1896 kuhusu Reli ya Uganda hunichekesha. Iliidhinisha pauni milioni 3 kujenga njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Vitabu vilipofungwa, reli ilikuwa imekula takriban milioni 5 na nusu.

Si kwamba watu hawakupima. Kapteni Macdonald aliipita nchi iliyo kati ya Mombasa na ziwa kwa miguu mwaka 1891 na 1892, akarudi na hesabu ya milioni 2 na robo hivi. Lakini mpimaji hupima miinuko na mito. Nani angeweka fungu la simba? Wale wa Tsavo walisimamisha kazi mwaka 1898. Nyika ya Taru haina maji, ikabidi yaletwe kwa treni. Huko Uingereza kwenyewe mafundi waligombana na matajiri wao mwaka 1897, injini zikachelewa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Wapatao 2,500 walikufa, na gharama hiyo haina safu katika daftari lolote.

Mwaka 1900 serikali ilirudi bungeni kuomba karibu milioni 2 zaidi. Kwa maoni yangu kura hiyo ilikuwa ya bure, maana treni ilikuwa imeshafika Nairobi tangu 1899. Mbunge Labouchere, mpinzani wa reli tangu zamani, alipinga tena. Akashindwa.