Utapiamlo wa Wanawake na Watoto Arua na Koboko: Mtazamo wa Kihistoria

Takwimu za Uganda zinaonyesha nafuu: udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 38 mwaka 2006 hadi 29 mwaka 2016. Hata hivyo, mwaka huo wa 2016 ukondefu wa watoto katika West Nile, eneo la Arua na Koboko, ulikuwa takriban asilimia 10, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo halielezwi kwa mvua na rutuba pekee. Mizizi yake imo katika historia ya kazi na uhamisho.

Eneo hili liliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na serikali ya kikoloni ikaligeuza chimbuko la vibarua na askari. Wanaume wa Kilugbara na Kialur walikwenda kukata miwa Lugazi na Kakira. Wengine, wakiwemo Wakakwa, waliingia jeshini. Kilimo cha chakula kikawaelemea wanawake. Palipokosekana nguvukazi, muhogo ulifaa, kwa kuwa hustahimili ukame na huweza kusubiri ardhini. Lakini protini yake ni haba: mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa muhogo mtupu hushiba bila kujengeka mwili. Baadaye tumbaku nayo ikadai ardhi, kuni na muda wa akina mama.

Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, jeshi la serikali mpya lililipiza kisasi West Nile kuanzia mwishoni mwa 1980. Wakazi wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakiacha maghala na mifugo. Waliorejea walianza upya. Tangu 2013, wenyeji hao wamewapokea wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule, wakigawana nao ardhi na kuni.

Mwelekeo wa kitaifa wenyewe una sura mbili. Kati ya 2011 na 2016, udumavu ulipokuwa ukipungua, upungufu wa damu miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 uliongezeka kutoka asilimia 23 hadi 32. Anayelima, kuchanja kuni na kuuza sokoni ndiye huyohuyo anayenyonyesha. Kwa hiyo, mpango wa lishe unaompimia mtoto uji bila kumpunguzia mama mzigo wa kazi utaliacha tatizo pale historia ilipoliweka.