Ndege ndogo za vioo: Kinachoonekana na kisichoonekana juu ya Kibaha na Kisarawe

MKAZI wa Kibaha au Kisarawe aliyezoea kuinua macho kila asikiapo mngurumo angani anajua kuwa si kila kinachopita juu ya paa lake ni dege kubwa la abiria. Zipo pia ndege ndogo za injini moja, zenye viti vinne au sita na rafadha moja puani, zitokazo au ziendazo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam. Kwa umbo hazijabadilika sana kwa nusu karne. Kilichobadilika ni kile alichonacho rubani mbele ya macho yake.

Mfano mzuri ni Cessna 172, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Toleo lake la 172S lina injini ya pistoni ya silinda nne yenye nguvu za farasi 180, inayotumia petroli maalumu ya ndege, Avgas, kiasi cha lita 30 hadi 40 kwa saa. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000 rubani wake alisoma saa za duara zenye mishale. Kuanzia mwaka 2004 ndege ndogo zilianza kutoka kiwandani zikiwa na mtambo wa Garmin G1000, na nafasi ya saa hizo ikachukuliwa na vioo viwili vikubwa mfano wa kompyuta.

Kioo cha kushoto huonyesha upeo wa macho, kasi, kimo na mwelekeo. Cha kulia hubeba ramani, ambayo husogea kadiri ndege inavyosogea, pamoja na joto la injini na kiasi cha mafuta. Ndani yake hamna magurudumu yazungukayo kama zamani. Vihisio vya kielektroniki ndivyo vinavyopima mlalo wa ndege. Mtambo ukiwashwa huhitaji takriban dakika moja ili kujipanga, na taarifa yoyote usiyoiamini huifunika kwa alama nyekundu ya mkasi. Alama hiyo ni neema. Saa ya zamani iliyoharibika ilikuwa na tabia ya kuendelea kudanganya kimyakimya.

Kutoka JNIA hadi Kibaha ni mwendo usiozidi robo saa kwa ndege ya aina hii. Rubani huruka kwa idhini ya mnara wa kuongozea ndege, na anga ikiwa safi anaweza kufika bila kukitazama kioo hata mara moja. Barabara ya Morogoro humwongoza kuelekea magharibi, na mbele zaidi hukutana na Mto Ruvu. Kusini mwake viko vilima vya Pugu vyenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na mji wa Kisarawe ukiwa kando yake. Reli nazo husaidia: ya kati na ile ya kisasa huelekea magharibi, wakati ya TAZARA hukata kusini-magharibi.

Alama hizo si mapambo. Altaneta ikifa, ndege haianguki, kwani cheche za injini hutoka kwenye magneto, ambazo hazitegemei betri. Kinachoanza kuhesabiwa ni uhai wa vioo. Betri ya akiba ya 172S imekusudiwa kuhudumia vifaa muhimu kwa muda wa dakika 30 hivi, na baada ya hapo rubani hubaki na dira ya sumaku na saa chache za akiba. Aliyekuwa akijua reli iko upande gani atarejea nyumbani bila kihoro.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haitokani na kioo kuzimika, bali na kioo kung'aa vizuri mno. Katika masika na vuli mawingu mazito huweza kushuka hadi kuvifunika vilima vya Pugu, ambavyo sehemu zake za juu hufikia takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari. Rubani asiye na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo anapaswa kugeuza ndege mapema. Lakini mbele yake kuna picha safi ya milima iliyochorwa kwa rangi, hivyo hushawishika kuingia.

Picha ile ni kumbukumbu tu. Takwimu za viwanja na njia za anga huhitaji kuhuishwa kila baada ya siku 28, kwa malipo, na mnara wa simu uliojengwa kilimani mwezi uliopita unaweza usiwemo kabisa. Aidha, huduma ya kupeleka picha za mvua hadi ndani ya ndege, ambayo marubani wa Marekani wameizoea, imejengwa kwa ajili ya anga ya huko. Juu ya Kibaha rubani hutegemea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania alizozichukua kabla ya kuruka, redio, na macho yake.

Marekani kwenyewe ushahidi uliwashangaza wengi. Mwaka 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji, NTSB, ilitoa utafiti uliolinganisha ndege ndogo za pistoni zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006. Zile za vioo zilikuwa na kiwango kidogo cha ajali kwa jumla, lakini kiwango chake cha ajali zenye vifo kilikuwa kikubwa kuliko cha zile za saa za kawaida. Bodi ilipendekeza mafunzo mahususi kwa kila aina ya mtambo, kwa kuwa vitufe na namna ya kuharibika hutofautiana.

Injini ikizimika, mtambo humwonyesha rubani kiwanja kilicho karibu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa aliye juu ya Kibaha jibu linaweza kuwa JNIA, zaidi ya kilomita 30 mbali. Kwa bahati mbaya, Cessna 172 iliyo futi 2,000 juu ya ardhi huteleza takriban kilomita tano na nusu tu. Basi rubani huweka kasi ya kilomita 126 kwa saa na kutafuta shamba lisilo na minazi wala nyaya za umeme. Shamba hilo halimo katika ramani ya kioo, na kwa namna nyumba zinavyoongezeka Kibaha, kulipata si jambo dogo.

Vivyo hivyo kwa ndege nyingine. Kioo huweza kuonyesha zile zinazotangaza mahali zilipo. Isiyotangaza haionekani, wala ndege wa porini. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nchini Kenya, na watu wawili waliokuwa katika Cessna walifariki dunia. Kutazama nje kungali sehemu ya kazi.

Upepo wa kaskazi unapovuma, kutua hufanyika kwa njia namba 05, ndege zikiingia kutoka kusini-magharibi, upande wa vilima vya Kisarawe. Njia hiyo ina urefu wa mita 3,000, mara nyingi ya mahitaji ya ndege ndogo. Ni joto tu la kukumbukwa: katika nyuzi 32, ndege huhisi hewa kana kwamba kiwanja kiko zaidi ya futi 2,000 juu ya bahari, na hilo huonekana zaidi pale rubani huyohuyo anapokwenda kuruka kutoka kiwanja kifupi cha udongo akiwa na abiria watatu.